Vigelegele Uani kwa Domitila

Kiegei, Nachingwea
5 Machi 2023

Wifi yangu Domitila,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko Nkowe? Mama hajambo? Na mwili wako unaendeleaje, unakula? Sisi huku wazima, isipokuwa kaka yangu Kipriani, ambaye ni mzima wa kuangalia tu. Tangu uondoke anajipikia ugali mwenyewe, na ugali wenyewe, Mungu anisamehe, hata mbuzi aliunusa akageuza shingo. Nikimpelekea mboga anasema ameshiba. Ameshiba nini?

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Mumeo ananiambia nikuache upumzike. Basi nimeamua kuandika, nampa Abdala wa basi la Ruangwa, maana barua huwezi kuikata katikati.

Wifi, uliondoka bila kuniaga. Kati ya nyumba yako na yangu kuna mihogo tu, lakini niliamka nikakuta kufuli mlangoni, nikaambiwa umekwenda kwa mama yako na hujasema utarudi lini. Imeniuma sana.

Najua ni kwa sababu ya ile asubuhi ya Januari. Lakini hebu jiweke mahali pangu. Kaka yangu ananinong'oneza kwamba una mimba, baada ya miaka yote ile, baada ya zile mbili zilizoharibika. Ningelalaje? Kulipopambazuka tu nilikuwa uani kwako, nikapiga vigelegele mpaka mbwa wa mzee Nurdini wakabweka na wanawake wa jumuiya wakaja mbio na kanga zao begani. Ulitoka ukasimama mlangoni, hukusema neno. Nilidhani furaha imekuzidi.

Wazee wa huku wanasema mimba haitangazwi, iachwe ionekane yenyewe. Mimi naona huo ni woga wa macho ya watu. Mungu akitupa baraka, tumshukuru kwa kujificha kama tumeiba? Na ilipoharibika Februari, nani aliwahi kufika? Nilileta jumuiya nzima, tukakuimbia mlangoni mpaka jioni. Mtume Paulo anatuambia tufurahi na wanaofurahi, tulie na wanaolia. Nimefurahi nawe, nimelia nawe. Kosa langu liko wapi?

Rudi nyumbani, wifi. Kama nimekosa niambie waziwazi, mimi si mtoto.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Beatrisi


Nkowe, Ruangwa
Jumapili ya Matawi, 2 Aprili 2023

Wifi Beatrisi,

Milele na milele, amina. Mama hajambo, anakusalimu. Mimi nakula. Mwambie Kipriani maji yachemke kwanza ndipo atie unga.

Barua yako imekaa hapa muda mrefu kwa sababu nilitaka kujibu nikiwa sina hasira. Imeshindikana, kwa hiyo najibu nikiwa nayo.

Nianze na hili, maana najua wapo watu huko wanaolisema: hukuniroga. Muuguzi alinieleza vizuri, mimba haiharibiki kwa kelele za mtu. Silaumu vigelegele vyako kwa hilo, na ukimsikia mtu anasema hivyo, mkatalie kwa niaba yangu.

Lakini sikiliza ulichonifanyia. Ulipopiga vile vigelegele, Kiegei nzima ilijua. Basi ilipoharibika, Kiegei nzima ilibidi iambiwe, na wa kuiambia nilikuwa mimi. Nikienda bombani: tumbo linaendeleaje? Nikienda mashineni kusaga, baba Huzaifa mwenye mashine ananinyang'anya ndoo ya unga, eti mwenye hali kama yangu habebi mzigo. Nilikuwa nimetoka hospitali wiki ile ile. Ikanibidi nimweleze mbele ya foleni, yeye kashika ndoo, hajui aiweke wapi. Kila niliyemwambia, nilimpoteza mtoto upya. Kama ungenyamaza, ningempoteza mara moja, mimi na mume wangu, ndani kwetu.

Halafu mkaja kuimba. Mnajua nilikuwa wapi mlipokuwa mnaimba? Nilikuwa nimelala kifudifudi naomba mnyamaze. Ukaniambia kupitia dirisha, Mungu atakupa mwingine. Wifi, mimi nilimtaka yule.

Swaumu, jirani yetu, ambaye Biblia hajawahi kuifungua, aliingia taratibu, akakaa mkekani, akachambua choroko zangu zote zilizokuwa kwenye ungo, akazipika, akaondoka. Sikumbuki kama alisema chochote. Yule ndiye aliyelia nami.

Unanitajia Paulo. Biblia yako hiyo hiyo, fungua Mithali za Sulemani, sura ya ishirini na saba. Yupo pale mtu anayeamka alfajiri kumbariki rafiki yake kwa sauti kubwa, na inahesabiwa amemlaani. Rudi nyuma sura mbili utamkuta anayemwimbia mtu mwenye huzuni, anafananishwa na anayekuvua nguo wakati wa baridi. Na marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku zile walizokaa naye chini bila kusema. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Umesema nikuambie waziwazi. Nimekuambia. Kwa sasa sirudi. Mume wangu nampenda na atakuja huku nikimwita, lakini siwezi kuishi mihogo michache tu kutoka kwenye sauti yako.

Wifi yako,
Domitila


Kiegei
16 Aprili 2023

Wifi Domitila,

Salamu kwako na kwa mama.

Barua yako ilifika jana, sala za jumuiya zikiwa kwangu. Abdala alinipa mbele ya watu. Nilifurahi kiasi kwamba sikuifungua. Nilimpa mwalimu Dionisia nikamwambia, isome kwa sauti, wifi yangu amejibu. Ni Pasaka, nilijua umenisamehe, nikataka wote wasikie.

Alisoma mpaka pale baba Huzaifa ameshika ndoo, akasimama. Nikamwambia aendelee, kwa sababu kunyamaza pale ingekuwa aibu zaidi. Akaendelea mpaka mwisho. Baba Huzaifa mwenyewe alikuwepo, wifi, alikuwa ametuletea unga wa uji. Uji waliunywa wima.

Uliyoandika ni kweli yote. Uongozi wa wanawake nimemwachia Dionisia. Sitakusumbua tena.

Beatrisi


Nkowe
14 Mei 2023

Wifi yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Magoti yako yanaendeleaje na mvua hizi za mwisho? Sisi hatujambo, ufuta umekubali, Kipriani yupo huku wiki ya pili sasa anatusaidia kuukata. Amenenepa kidogo, mama yangu anamlisha.

Nilipoisoma barua yako nilicheka, nisamehe. Katika dunia hii yote ni wewe tu unayeweza kutoa barua isomwe hadharani kabla hujaijua ina nini. Halafu nikalia. Nilikuandikia wewe peke yako. Kama ningejua itasomwa mbele ya baba Huzaifa, ningeyaandika yale yale, lakini si kwa maneno yale.

Umeona jinsi ilivyo? Mimi niliyekufundisha habari ya kunena kwa wakati, neno langu limekufikia wakati mbaya kuliko wote. Pale pale kwenye sura ya ishirini na saba, juu kidogo, pameandikwa kwamba kuonywa waziwazi ni afadhali kuliko kupendwa kwa siri. Sawa. Lakini nadhani Sulemani hakumaanisha mbele ya jumuiya nzima na uji mkononi.

Kipriani ananiambia huongei siku hizi. Unachota maji unarudi ndani. Kanisani huimbi. Anasema uani kwako kumekuwa kimya mpaka watu wanapita wakidhani umesafiri. Wifi, mimi nilitaka upunguze sauti. Sikutaka uzime.

Nijibu, hata mistari miwili.

Wifi yako,
Domitila


Nkowe
13 Agosti 2023

Wifi Beatrisi,

Natumaini u mzima, maana nimebaki kutumaini tu. Kutoka Mei mpaka leo kila Abdala akishuka naangalia mikono yake. Ananiambia, dada, hakuna kitu. Siku hizi ananionyesha viganja kabla sijauliza.

Zamani ulisema wakati wa kunyamaza. Sasa unanyamaza wakati ninaotaka useme. Sijui tumepangiwa nini mimi na wewe.

Soma hii ukiwa peke yako. Kama uko na mtu, ikunje.

Nina mimba tena. Imepita ule mwezi wa hatari, lakini mimi siamini miezi. Anajua Kipriani, anajua mama, anajua muuguzi. Wa nne ni wewe. Kipriani alitaka tukufiche mpaka mtoto azaliwe, nikakataa. Nikikuficha nitakuwa nimekuhukumu kwamba hubadiliki, na siwezi kurudi Kiegei kuishi jirani na mtu niliyemhukumu hivyo.

Lakini nakuambia na hili bila hasira yoyote, nimetulia kabisa: ikitangazwa, sirudi. Kipriani ameshasema tutahamia huku moja kwa moja, mashamba yapo. Asijue Dionisia, asijue Swaumu, asijue hata paka wako. Niachie hii niibebe kimya, mpaka ijisemee yenyewe.

Naogopa kukupa barua hii. Nampa Abdala hivyo hivyo.

Wifi yako,
Domitila


Kiegei
20 Agosti 2023

Wifi yangu Domitila,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kwa mama. Barua yako nimeipokea. Nimeisoma ndani, mlango umefungwa, kisha nimeitia motoni chini ya sufuria ya maharage.

Habari za huku ni hizi. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja kilema kidogo lakini ananyonya. Tunapulizia salfa mikorosho, mafua yamenishika, natembea nimejifunga kanga puani nafanana na jambazi. Mashine ya baba Huzaifa imeharibika mkanda, tunasaga mbali. Dionisia anaongoza jumuiya vizuri, ila anachelewesha kuanza nyimbo, na mimi nimekaa nyuma nimeuma ulimi. Swaumu aliniuliza habari zako, nikamwambia mama yako hajambo. Akauliza tena, nikamwambia ufuta ulikubali. Akaniangalia sana, halafu akaniuliza kama naumwa.

Mei ulinitaka nijibu. Sikujibu kwa sababu kila nikikaa kuandika niliona nitakosea tena. Nilikwenda kwa padre alipokuja kuungamisha. Nikamwambia, padre, Maandiko yananichanganya. Huku nifurahi na wenye furaha, huku nisimbariki mtu kwa sauti. Huku nimfariji mwenye huzuni, huku nisimwimbie. Huku kuna wakati wa kunena, huku wa kunyamaza, na saa yenyewe haijaandikwa. Nifuate lipi? Nilidhani atanifungulia kitabu. Akaniuliza, huyo wifi yako uliwahi kumuuliza anataka nini?

Nilimkasirikia sana. Nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu njia nzima. Mimi nimelea watoto, nimezika mume, nimeongoza wanawake wa hapa miaka, naulizwa swali kama hilo. Lakini ni kweli, wifi. Nimefurahia watu wengi na kulilia watu wengi, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumuuliza kwanza. Nilidhani mapenzi yanatosha.

Nakutumia ukwaju kidogo. Ni wa mama kutilia mchuzi, kama anataka.

Mwisho wa mwezi nitakuja kumsalimu. Sasa nakuuliza: nikifika, niseme au ninyamaze? Mpe Abdala jibu. Neno moja linatosha.

Wifi yako,
Beatrisi


Nkowe
26 Novemba 2023

Wifi yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Korosho zinaendaje? Yule mbuzi kilema? Mama anakusalimu, anasema ukwaju umekwisha, ingawa tunajua wote nani aliumaliza.

Sijakushukuru kwa siku ile. Nilikuandikia neno moja, nyamaza, nikadhani utashindwa ukifika getini. Ukaja, ukamsalimu mama, ukavuta kigoda, tukamenya mbaazi za mwisho mpaka jua likazama. Ukazungumza habari za mbuzi. Uliliona tumbo langu, nilikuona unaliona, ukainamisha uso ukaendelea na mbaazi. Wakati wa kuondoka ulinishika mkono ukakaa nao kidogo. Basi. Abdala alipopiga honi ndipo ulipouachia. Mama alisema, huyu ndiye yule wifi yako wa kelele? Nikamwambia ndiye.

Kipriani ananiambia mpaka leo Kiegei hakuna anayejua. Dionisia alimuuliza yeye, maana kwako amekata tamaa.

Sasa hata kanga haifichi tena. Watu wa Nkowe wananisalimu tofauti. Wanawake wa hapa wananiambia usiogope, safari hii itakuwa sawa, naye anayesema hivyo hajui kitu. Muuguzi anasema mtoto anakaa vizuri. Ninaogopa hivyo hivyo. Naosha vyombo naogopa, nasali naogopa. Sijawahi kufika mbali hivi, sijui huku kunakuwaje.

Uliniuliza swali, nami nakujibu tena leo. Sema. Ninataka neno lako. Lisiwe la kuimba.

Domitila


Kiegei
3 Desemba 2023

Wifi yangu,

Salamu nyingi.

Nimechana karatasi kadhaa kabla ya hii. Sitakuambia itakuwa sawa, kwa sababu sijui. Sitakuambia usiogope, kwa sababu mimi mwenyewe hapa naogopa. Napalilia naogopa, napanga korosho juani naogopa. Basi tunaogopa wawili, wewe huko na mimi huku, na ukiamka umechoka kuogopa, pumzika kidogo, mimi nitashika zamu.

Hilo ndilo neno nililo nalo.

Vigelegele vipo. Vimekaa kooni tangu Agosti vinanisumbua kama mwiba wa samaki. Nimevikalia. Sitavitoa mpaka mwenyewe uniambie, na kama hutaniambia kamwe, nitavimeza, sitakulaumu.

Wifi yako,
Beatrisi


Nkowe
12 Februari 2024

Kwa Shangazi Beatrisi,

Ndiyo, umesoma sawa. Rudia kusoma hapo juu, nakusubiri.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi sijambo, nimeshonwa kidogo lakini natembea. Mama hajambo. Kipriani hajambo, ila analia ovyo, akishika beseni analia, akimwona muuguzi analia. Na yupo mwingine hapa ambaye hajambo kabisa. Ni msichana. Alizaliwa Ijumaa, Ruangwa. Alipotoka alilia mpaka mkunga wa chumba cha pili akachungulia kuuliza kuna nini. Muuguzi akaniambia, huyu sauti hii kairithi kwa nani? Nikamwambia, namjua.

Kipriani alitaka kukupigia simu hapo hapo. Nimemnyang'anya. Habari hii ilistahili kukufikia kwa mkono wa Abdala. Naye hajui kilichomo, usishangae akikuuliza mbona umekaa chini barabarani.

Ile barua ya Agosti nilikuomba uisome peke yako. Hii mpe Dionisia. Asome kwa sauti, jumuiya yote ikiwepo, na baba Huzaifa aitwe. Asisimame katikati. Mwambie Swaumu kwamba choroko zile sijazisahau.

Jumamosi tunarudi nyumbani, kwetu Kiegei. Tutafika jioni na vumbi letu, mtoto atakuwa amechoka, kwa hiyo siku hiyo tuache tulale. Jina tumelichagua lakini hatujalitamka mbele ya mtu. Nitakunong'oneza wewe, nawe utawatangazia wengine.

Nasikia Sulemani ana neno kuhusu mtu anayeamka alfajiri kumbariki rafiki yake kwa sauti kubwa. Nimelifikiria sana hili mwaka mzima, na naona tofauti yetu na yule mtu ni moja. Safari hii rafiki mwenyewe ameomba.

Basi Jumapili, kukipambazuka tu, pita kwenye mihogo uje usimame uani kwangu, pale pale uliposimama. Mlango nitauacha wazi. Mbwa wa mzee Nurdini wamelala vya kutosha.

Usije kimya.

Wifi yako,
Domitila